Ukifungua taa ya gari, tepu isiguse kromu

Nilikuwa napaka nyeusi fremu za ndani za taa za mbele, na taa ya kwanza ikanifunza. Ile sehemu ya kung'aa kama kioo tunayoita kromu mle ndani kwa kawaida si chuma. Ni utando wa alumini uliopakwa kwa mvuke juu ya plastiki, na unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukibandika tepu ya karatasi halafu ukaibandua, utando unaweza kuja nayo. Kwangu kilitoka kipande cha ukubwa wa kucha, plastiki ya kijivu ikabaki inanichungulia.

Taa ya pili nilikata mfuko laini wa nailoni, nikafunika nao bakuli lote linaloakisi mwanga, kisha nikabana kingo za nailoni kwa tepu iliyokaa kwenye plastiki nyeusi peke yake. Rangi inaishia kwenye nailoni, gundi haipati pa kushika. Vumbi likiingia, lipulize kwa pampu ndogo ya mkono. Usifute kwa kitambaa wala kidole, maana mkwaruzo wa hapo hautoki. Supa gluu nayo kaa nayo mbali: mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Njia hii inagoma kama fremu na bakuli ni kipande kimoja, hakuna ukingo mweusi wa kushikia tepu. Hapo mimi ningeacha kupaka. Na kromu iliyokwisha kuungua kwa joto la balbu, ikaanza kumenyeka, hiyo tafuta taa nyingine tu.