Jinsi ya kulifuatilia jua mwaka mzima na kuielewa maana ya solistasi

Mara mbili kwa mwaka jua hufika mwisho wa safari yake, kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Hukaa hapo siku kadhaa bila kusogea kwa namna inayoonekana, kisha hugeuka na kurudi. Siku hizo mbili za kugeuka ndizo solistasi. Katikati ya safari, Machi na Septemba, zipo sikusare, ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana. Watu wamejenga makaburi na mahekalu, wamewasha mioto na wamepanga kalenda kwa kufuata mwendo huo, na habari za sherehe zao zimeandikwa sana. Kinachoelezwa mara chache ni namna ya kuuona mwendo wenyewe. Asiyeuona huazima maana ya watu wa latitudo nyingine na kuibandika kwenye anga lisilofanana na lao. Kwa hiyo tuanze na kupima.

Chanzo cha safari hiyo ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa nyuzi 23.4. Juni ncha ya kaskazini ndiyo iliyoelekea jua, Desemba ni ile ya kusini. Umbali hauhusiki: dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali nalo zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152, wakati nusu ya kaskazini iko katika majira yake ya joto.

Kuweka alama kwenye upeo wa macho

Hii ndiyo njia kongwe na haidai kifaa chochote. Chagua mahali pa kusimama panapoonyesha upeo wa mashariki au wa magharibi bila kuzibwa, upande wa kaskazini na wa kusini pia. Hakikisha utarudi pale pale: piga msumari, weka jiwe zito, au simama kwenye pembe ya ukuta. Jambo hili huharibu kazi ya wengi. Ikiwa alama yako ni mti ulio mita 50 mbele, ukisogea mita moja pembeni mwelekeo wake unabadilika kwa nyuzi 1.1, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa jua lenyewe. Alama iliyo kilomita 2 mbele hubadilika kwa nyuzi 0.03 tu. Tumia vilele, mabonde na minara ya mbali, angalau kilomita moja.

Chora upeo huo kwenye karatasi ndefu, au unganisha picha zilizopigwa kutoka mahali hapo. Kila wiki weka alama pale ukingo wa juu wa jua unapochomoza, pamoja na tarehe. Usichanganye: ukianza na ukingo wa juu, baki nao mwaka mzima. Na usilikodolee jua macho. Angalia pale linapotoa ukingo tu, halafu geuza uso. Darubini ya aina yoyote isiyo na kichujio maalumu cha jua hupofusha kwa muda mfupi mno, na jicho halihisi maumivu wakati linaungua.

Baada ya miezi michache utaona kwamba mwendo hauko sawa. Karibu na sikusare jua huhama kama nyuzi 0.4 kwa siku, na zaidi kidogo katika latitudo za juu, ambayo ni karibu upana wake mzima. Wiki moja kabla ya solistasi limebakiza chini ya nyuzi 0.2 kufika mwisho, hivyo kwa siku saba hadi kumi linaonekana kama limesimama. Hapa ndipo anayeanza hukosea: anajaribu kuichagua siku ya solistasi kwa macho, jambo ambalo haliwezekani.

Dawa yake ni kugawa muda katikati. Chagua alama ambayo jua huipita takriban mwezi mmoja kabla ya kufika mwisho. Wakati huo limebakiza nyuzi 3 hivi na bado linatembea vya kutosha kila siku. Andika tarehe. Subiri liende hadi mwisho na kurudi kwenye alama ile ile, uandike tena. Siku ya katikati ndiyo solistasi. Mfano: limepita kilele fulani tarehe 22 Novemba na kurudi tarehe 20 Januari. Hizo ni siku 59, nusu yake 29.5, na ukihesabu kutoka Novemba unaangukia kati ya tarehe 21 na 22 Desemba. Mawingu yakikuzuia siku ile muhimu, chukua siku mbili zilizo jirani na ukadirie. Ukungu na vumbi ni tatizo kubwa kuliko mawingu, kwa sababu jua huonekana likiwa limeshapanda. Karibu na ikweta hupanda karibu wima, hivyo kosa ni dogo. Katika latitudo za juu hupanda kwa mshazari na alama yako inaweza kuhama upana wa jua zima.

Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, walitunza kalenda yao kwa njia ya jinsi hii, wakitumia vilele na mapengo ya upeo wao kujua wakati wa Soyal, sherehe ya solistasi ya Desemba. Huko Chankillo, Peru, mnamo mwaka 250 hivi kabla ya Kristo, watu walijenga minara 13 kwa mstari juu ya kilima. Ukisimama mahali palipopangwa, minara hiyo inachukua safari yote ya jua kutoka solistasi moja hadi nyingine. Ni upeo wa kutengenezwa kwa mikono, na kwa maoni yetu hakuna jengo linaloeleza mwaka wa jua kwa uwazi zaidi.

Kupima kivuli cha adhuhuri

Njia ya pili inafaa kwa asiyeona upeo, na inatoa namba. Simamisha fito iliyonyooka yenye urefu wa mita 1 kamili juu ya sakafu iliyopimwa kwa pimamaji. Wima wake upimwe kwa timazi kutoka pande mbili. Fito ikiinama nyuzi moja tu, ncha ya kivuli huhama karibu sentimita 2, na hiyo inatosha kukupoteza kwa siku nyingi.

Ncha ya kivuli nayo haiko wazi, kwa kuwa jua si nukta. Lina upana wa nusu nyuzi, na ukungu wa ukingo hufikia sentimita moja au zaidi. Funga juu ya fito kipande cha bati chenye tundu la milimita 5, tundu likiwa kwenye kimo cha mita 1 kamili na wima juu ya nukta ya chini utakayopimia. Badala ya ncha yenye ukungu utapata duara dogo la mwanga, nawe utaweka alama katikati yake. Kanuni hiyo ya tundu ndiyo aliyoitumia mwanafalaki Guo Shoujing huko Gaocheng, China, katika karne ya 13, kwenye mnara uliotupa kivuli juu ya kipimo cha mawe chenye urefu wa mita 31. Kalenda yake ya mwaka 1281 ilihesabu mwaka kuwa siku 365.2425, sawa na wastani wa kalenda ya Gregori iliyokuja mwaka 1582.

Usipime saa sita kamili ya saa ya ukutani. Jua hufika kilele chake kabla au baada ya hapo kulingana na mahali ulipo ndani ya ukanda wa saa, na zaidi ya hapo hutangulia au kuchelewa hadi dakika 16 hivi katika mwaka. Wanaosali adhuhuri wanalijua hili: wakati wake huingia jua likishapinduka, si saa inapogonga. Chora duara kuizunguka ile nukta ya chini. Asubuhi weka alama pale duara la mwanga linapoukata mstari wa duara lako likiingia, na mchana pale linapotoka. Gawa katikati ya alama hizo mbili. Mstari kutoka nukta ya chini hadi hapo ni kaskazini–kusini ya kweli. Dira haifai kwa kazi hii, maana inaelekea kaskazini ya sumaku. Tangu hapo, pima kila wiki mwanga unapovuka mstari huo.

Kwa fito ya mita 1, tarajia haya. Kwenye ikweta kivuli ni sentimita 43 kuelekea kusini kwenye solistasi ya Juni, sentimita 43 kuelekea kaskazini Desemba, na hakuna kivuli kwenye sikusare. Kwenye latitudo ya nyuzi 6 kusini: sentimita 56 Juni, 31 Desemba, na kivuli hupotea karibu na tarehe 5 Machi na 8 Oktoba. Kwenye nyuzi 30 kaskazini: 11.5 Juni, 135 Desemba. Kwenye nyuzi 50 kaskazini: 50 Juni na 336 Desemba. Ukipata tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kwenye vivuli vifupi, kagua wima kwanza, kisha usawa wa sakafu, kisha saa uliyopimia.

Sasa maana

Tazama tena namba hizo. Kwenye nyuzi 50 kivuli cha Desemba ni karibu mara saba ya kile cha Juni, na mchana hupungua kutoka saa 16 na zaidi hadi takriban saa 8. Aliyeishi huko aliliona jua likidhoofika kweli, na kugeuka kwake kulikuwa habari ya uhai. Ndiyo maana Newgrange huko Ireland, kaburi la mwaka 3200 hivi kabla ya Kristo, lina kijidirisha juu ya mlango kinachoingiza mwanga wa macheo hadi ndani ya chumba, mita 19 kutoka nje, kwa dakika kama 17, siku chache tu zinazozunguka solistasi ya Desemba. Wairani hukesha usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko wote, kwa makomamanga na mashairi ya Hafez, mshairi wa Kiajemi. Wachina huiita siku hiyo Dongzhi: yin, nguvu ya giza na baridi, imefika kilele chake, na tangu hapo yang, nguvu ya mwanga na joto, inaanza kurudi.

Katika nusu ya kusini mambo hupinduka. Inti Raymi, sherehe ya jua ya Wainka huko Cusco, Peru, huangukia Juni kwa sababu hapo ndipo jua liko mbali nao. Anayesema kwamba Juni ni sherehe ya jua lenye nguvu kila mahali ameitazama dunia kutoka upande mmoja.

Karibu na ikweta mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, hivyo maneno ya "siku ndefu" na "usiku mrefu" hayana uzito. Kinachoonekana huko ni mambo mawili: jua kubadilisha upande, na siku mbili ambazo fito haina kivuli adhuhuri. Kila mahali kati ya tropiki mbili, yaani latitudo za nyuzi 23.4 kaskazini na kusini, hupata siku hizo. Huko Xochicalco, Mexico, pango lilitobolewa bomba la kuelekea juu ili jua la utosini lipenye hadi sakafuni katikati ya Mei na mwishoni mwa Julai. Kama unaishi kati ya tropiki, siku yako ya kutokuwa na kivuli inastahili heshima yako kuliko tarehe 21 ya mtu mwingine.

Tarehe za sherehe zinapopishana na jua

Usishangae sherehe ya jua ikiangukia siku isiyo ya solistasi. Uliza kwanza inafuata kalenda gani. Kalenda ya Julius Caesar iliongeza siku nyingi kupita kiasi, hivyo katika karne ya 14 solistasi ilikuwa imerudi hadi karibu tarehe 13 Desemba, na siku ya Mtakatifu Lucia huko Sweden, inayoangukia tarehe hiyo, bado inabeba mwanga wa wakati huo. Sherehe ya Makar Sankranti ya India hufuata mahali pa jua kati ya nyota, na kwa kuyumba polepole kwa mhimili wa dunia sasa iko tarehe 14 au 15 Januari. Nairuzi ya pwani ya Waswahili, iliyotoka Uajemi, ina siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi bila siku ya kuongeza, kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne; ndivyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi ulivyofika Julai, ilhali Nowruz, mwaka mpya wa Iran, imeshikiliwa kwenye sikusare ya Machi.

Usitumie saa za machweo kutafuta solistasi pia. Kwenye nyuzi 40 kaskazini machweo ya mapema zaidi huwa wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, na macheo ya kuchelewa zaidi mwanzoni mwa Januari.

Ukiambiwa kwamba jengo la kale linaelekea solistasi, pima. Kwenye upeo tambarare macheo ya solistasi huwa nyuzi 23 kutoka mashariki ya kweli ukiwa ikweta, 27 kwenye latitudo ya 30, kama 39 kwenye latitudo ya 51 iliko Stonehenge, duara la mawe ya kale huko Uingereza, na 53 kwenye latitudo ya 60. Kilima kwenye upeo hubadilisha namba hiyo, kwa hiyo pima kimo chake pia. Jengo lenye kuta nyingi litakuwa na ukuta mmoja unaoelekea solistasi kwa bahati tu. Dai lenye nguvu linahitaji kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mwanga, kama kile kijidirisha cha Newgrange. Na si kila mwanga ni wa solistasi: jua huingia hekalu la Abu Simbel huko Misri tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, ambazo si solistasi wala sikusare.

Endelea kuandika kwa miaka minne mfululizo. Mwaka wa jua una siku 365.2422, hivyo saa ya solistasi husogea mbele karibu saa 6 kila mwaka na kurudishwa na siku ya 29 Februari. Kwa fito ya mita 1 hutaiona tofauti hiyo kwenye kivuli cha Juni wala Desemba. Itafute Machi na Septemba, ambapo robo ya siku ni nyuzi 0.1, yaani karibu milimita 2 kwenye sakafu ukiwa karibu na ikweta na zaidi ya hapo katika latitudo za juu.