Kupima imani ya mpiga kura na ufuasi wa chama nchini Kenya: mwongozo wa kazi ya nyanjani

Takwimu ya imani kwa tume ya uchaguzi isiyotaja tarehe ya mahojiano wala kura ya mhojiwa haina kazi. Tafiti za nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, zimeonyesha jambo lilelile: aliyempigia mshindi huiamini tume, mahakama na hata bunge kuliko aliyempigia mshinde, na pengo hilo hufunguka siku matokeo yanapotangazwa. Kwa hiyo imani na ufuasi wa chama vipimwe pamoja, kwa hojaji moja, kwa watu walewale, na ikiwezekana zaidi ya mara moja. Mwongozo huu unaishika Kenya kwa sababu hapa vyama hubadilika upesi kuliko wafuasi wake, na hapo ndipo hojaji za kuazima kutoka Marekani huvunjikia.

Anza na chama

Chukua mpiga kura wa Uasin Gishu ambaye kila uchaguzi amemfuata William Ruto. Mwaka 2007 alikuwa ODM, 2013 akawa URP, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Ukimuuliza chama tu, utamwandika kigeugeu aliyehama mara tatu. Yeye mwenyewe atakwambia hajahama hata hatua moja. Tanzania, ambako CCM ipo tangu 1977, swali la chama peke yake hubeba mengi. Kenya linabeba kidogo, na lazima lisaidiwe.

Usikimbilie sajili ya wanachama. Mwaka 2021, Wakenya walipopewa njia ya kuangalia mtandaoni, wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Uanachama wa kwenye karatasi ni kitu kimoja, ufuasi ni kingine. Uliza hivi, kwa mpangilio huu:

1. "Je, kuna chama chochote cha siasa ambacho unajihisi uko upande wake?" Ndiyo, hapana, amekataa kujibu.
2. Kama ndiyo: "Ni chama gani?" Usimsomee majina, ukisoma orodha unampa jibu.
3. "Umekuwa upande wa chama hicho tangu uchaguzi wa mwaka gani?"
4. "Kiongozi unayempenda zaidi katika chama hicho akihamia chama kingine, wewe utafanya nini?" Atabaki, atamfuata, hajui.
5. "Mwaka 2022 ulipewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Ngapi kati ya hizo ulipigia chama hicho au muungano wake?"

Swali la nne ndilo linalotenganisha mfuasi wa chama na mfuasi wa mtu. La tano linakuonyesha nani hupiga kura za suti, yaani zote sita kwa chama kimoja, kama zinavyoombwa mikutanoni, na nani huchanganya. Neno "karibu na chama", linalotumika katika hojaji nyingi za Kiswahili, tunaliepuka kwa makusudi: kuna wahojiwa wanaolielewa kama umbali, wakaanza kukueleza ofisi ya chama iko wapi.

Tenga pia upande wa serikali na upande wa ushindi. Baada ya mapatano ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga ya Machi 2018, uchaguzi wa 2022 ulimkuta mgombea wa upinzani wa jana akiungwa mkono na rais, na naibu wa rais akigombea kama mpinzani. Mwaka 2024 watu wa ODM wakaingia baraza la mawaziri la yule aliyewashinda. Ukimpanga mhojiwa kwa kuangalia chama chake kiko serikalini au la, utamweka pasipo pake. Mpange kwa kura yake ya urais ya uchaguzi uliopita, kisha uliza kando kama anaona watu wake wamo serikalini leo.

Imani katika nani, na katika nini?

"Je, una imani na IEBC?", yaani tume ya uchaguzi ya Kenya, ni swali pana mno. Toka Januari 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na mwenyekiti wala makamishna. Aliyeulizwa wakati huo alikuwa akikadiria nini hasa? Agosti 2022, makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo yaliyotangazwa na mwenyekiti wao, huku fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 zikiwa wazi kwa yeyote kuzijumlisha. Mtu anaweza kuwaamini makarani wa kituo chake na asiwaamini makamishna hata chembe. Basi gawa swali vipande sita: daftari la wapiga kura, mashine za kutambua wapiga kura, makarani wa kituo ulichopigia, usafirishaji wa matokeo, makamishna, na Mahakama ya Juu. Mahakama isiachwe, maana ndiyo iliyofuta uchaguzi wa urais Septemba 2017 na kuthibitisha ule wa 2022.

Ngazi ziwe nne, bila katikati ya kujifichia. Hapa tafsiri huharibu kazi kimyakimya. Hojaji nyingi hutumia "huna kabisa, kidogo, kiasi, sana". Mwambie mtu wa Nairobi aseme tofauti ya "kidogo" na "kiasi" uone atakavyosita. Kwa mazungumzo ya kila siku, "niko sawa kiasi" maana yake ni sawa kidogo tu. Ngazi ya pili na ya tatu zikigongana, wastani wako haumaanishi kitu. Andika "huna imani hata kidogo, una imani kidogo, una imani ya kutosha, una imani kubwa", na uzijaribu kwa watu 30 hadi 40 wa maeneo tofauti kabla ya kuchapa. Wakati wa jaribio, mwambie mhojiwa azipange ngazi hizo mwenyewe kwa kadi nne alizochanganyiwa. Wakizipanga ndivyo sivyo zaidi ya wawili watatu, rudi mezani. Kwa lugha za nyumbani, mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeijua hojaji airudishe kwa Kiswahili, kisha mlinganishe.

Katika hojaji yenyewe, maswali ya imani yatangulie ya chama. Mtu akishataja chama chake anaanza kujibu kama shabiki uwanjani. Weka katikati maswali mepesi ya maji, barabara na hospitali. Kabila liulizwe karibu na mwisho. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 asili ya kikabila ni taarifa nyeti, hivyo liwe na sababu na idhini, na lihifadhiwe mbali na jina na namba ya simu.

Sampuli, na kile kiwango cha makosa

Magazeti hupenda kuandika "watu 1,200, kiwango cha makosa asilimia 2.8". Hesabu hiyo ni ya sampuli ambayo kila mtu amechaguliwa peke yake. Hakuna anayefanya hivyo nyanjani. Unachagua maeneo ya kuhesabia watu kutoka fremu ya Shirika la Taifa la Takwimu, ukiyapanga kwa kaunti na kwa mji na kijiji, na kila eneo likiwa na nafasi kulingana na idadi ya watu wake. Kisha unahoji watu wanane katika kila eneo: maeneo 150 mara 8.

Shida ni kwamba majirani hufanana. Kanuni ya kukadiria hasara ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni mahojiano kwa kila eneo na r ni kiwango cha mfanano ndani ya eneo. Kwa jambo kama umiliki wa redio, r inaweza kuwa 0.05: hasara ni 1.35, na watu 1,200 wana nguvu ya watu 889 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Lakini chama nchini Kenya kinafuata ramani. Kuna vijiji ambavyo wanane wote watakutajia jina moja. Tuseme r ni 0.3: hasara inafika 3.1, watu 1,200 wanabaki na nguvu ya 387, na kiwango cha makosa kinaruka hadi karibu asilimia 5. Mwaka 2022 Ruto alipata asilimia 50.49 na Odinga 48.85. Fanya hesabu mwenyewe.

Dawa ni kupunguza mahojiano kwa eneo na kuongeza maeneo. Maeneo 300 mara 4, kwa r ileile, hasara inashuka hadi 1.9, nguvu inapanda hadi 632, makosa asilimia 3.9. Idadi ya watu haijabadilika, kilichoongezeka ni mafuta ya gari na siku za kulala nje. Bajeti ikibana, bora upunguze maswali kuliko maeneo.

Mlangoni

Ruhusa kwanza: idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha ujitambulishe kwa ofisi ya kamishna wa kaunti na kwa chifu wa eneo. Chifu apewe barua na salamu. Asipewe kazi ya kukuonyesha nyumba wala asitembee nanyi. Mzee wa nyumba kumi akisimama mlangoni, imani kwa serikali hupanda ghafla.

Mavazi si jambo dogo. Fulana za njano ni UDA, za chungwa ni ODM, nyekundu ni Jubilee. Vaa kijivu au nyeupe, na kofia za bure ziachwe nyumbani.

Katika eneo, anzia sehemu iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, tembea kwa kanuni moja ya kushika upande na kuhesabu nyumba, usiruke ile yenye mbwa. Ndani ya kaya, wanaume na wanawake wapishane nyumba hadi nyumba. Orodhesha wote wa jinsia ya zamu wenye miaka 18 na zaidi, na jina lichaguliwe kwa kadi. Aliyechaguliwa asipokuwepo, rudi jioni. Mhoji mvivu humhoji aliyemkuta, na aliyepo nyumbani saa nne asubuhi si sawa na anayerudi kutoka shambani au mjengoni saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana msimamizi awapigie simu asilimia 10 hadi 15 ya wahojiwa, aangalie mahali tableti ilipokuwa, na aulizie kila mahojiano ya dakika 45 yaliyomalizika kwa dakika 18.

Kabila la mhoji, linalosikika hata kwenye jina lake, hubadilisha majibu ya siasa. Huwezi kuliondoa. Andika kabila la mhoji katika data, wachanganye ndani ya kila timu, na ulitie kwenye uchanganuzi.

Kuna wanaoshauri jaribio la orodha kwa maswali ya hatari, kama kupokea pesa za mgombea: nusu wanaonyeshwa mambo manne, nusu matano, la tano likiwa lile la hatari, na kila mmoja anataja tu idadi ya yanayomhusu. Siri inalindwa vizuri, ila bei yake ni kubwa. Kwa watu 600 kila upande na mtawanyiko wa 1, kiwango cha makosa cha tofauti ni karibu asilimia 11. Kama jambo lenyewe linawahusu watu 10 katika 100, hutaliona.

Awamu na hesabu

Awamu ya kwanza ifanyike wiki nane hadi kumi kabla ya kura. Ya pili isubiri Mahakama ya Juu: ombi hupelekwa ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 14. Ukiingia nyanjani katikati ya kesi unapima joto la kesi. Ya tatu iwe mwaka mmoja baadaye. Anza na 1,800 ukitaka kubaki na 1,200, na chukua namba mbili za simu, yake na ya mtu atakayejua aliko. Angalia walioacha: wafuasi wa mshinde wakikataa awamu ya pili kwa wingi, imani itaonekana imepanda bila mtu yeyote kubadili mawazo. Na kama matokeo yako ni ya kura ya maoni, sheria ya 2012 inakataza kuyachapisha katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi.

Katika uchanganuzi, "sijui" na "sitaki kusema" zisitiwe katikati ya ngazi. Ziachwe kama makundi. Eneo ambalo nusu wamekataa kutaja chama limekupa habari. Kielelezo chako kikuu kiwe mabadiliko ya imani ya mtu yuleyule kati ya awamu, yakilinganishwa kati ya waliompigia mshindi na waliompigia mshinde, uzito ukitumika na makosa yakihesabiwa kwa eneo. Kisha gawa tena kwa lile swali la kumfuata kiongozi.

Swali la mwisho la hojaji, kabla ya asante, liwe hili: "Unafikiri ni nani aliyetutuma?" Wengi watasema serikali, hata kama barua ya chuo ilisomwa mwanzo. Usibishane nao, andika. Rudia hesabu zako zote bila kundi hilo, na kama imani kwa tume inashuka wakiondolewa, chapisha takwimu zote mbili kwenye jedwali moja.