Namna ya kuandika historia ya klabu ya ridhaa

Mpwa wangu anacheza futiboli ya Kimarekani huko Uingereza, kwenye klabu ambayo wachezaji hujilipia wenyewe. Kanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Wewe uliandika ya timu yetu ya Majengo, nami ya huku nianzie wapi?"

Usianze na nahodha, nikamwambia. Nahodha hukumbuka ushindi tu. Mtafute mtunza vifaa, ndiye ajuaye nani alilipia helmeti na uwanja gani mlifukuzwa. Wetu nilimpata barazani baada ya alasiri, kahawa chungu na kashata mbele yake. Wako mnunulie chai, kisha unyamaze.

Miaka ndiyo kazi. Mzee akisema "zamani", mpe kigingi. Hapa Mombasa mimi huuliza: timu yetu ya soka ya Feisal walikuwa washachukua ligi ya taifa? Basi najua ni kabla au baada ya 1965. Kwenu uliza kuhusu Channel 4, iliyoanza kuonyesha mchezo huo 1982, au ile mechi ya Wembley ya Agosti 1983, Minnesota Vikings walipowafunga St. Louis Cardinals. London Ravens wenyewe, wakongwe wa huko, ni wa 1983. Klabu ikidai ni ya 1970, dai ushahidi!

Picha zigeuze nyuma kwanza, kisha andika majina kwa penseli, wa benchi pia. Ugomvi uandike, ila wasomee wahusika wote kabla ya kuchapisha. Matokeo ya mechi? Jedwali moja mwishoni latosha.