Chumba cha mzee: anza na njia ya usiku

Ukikabidhiwa chumba cha mzee katika makazi ya wazee, iwe Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro au Sebleni Unguja, usitangulize fagio. Piga hodi, ngoja ukaribishwe, toa shikamoo, kisha keti uulize: "Babu, usiku ukishikwa na haja unapita wapi?" Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Umbali wa kitanda hadi choo huwa mfupi, lakini ndipo nyonga zinapovunjika. Mzee ameamka na usingizi machoni, mkojo umembana, kizunguzungu kimempata kwa kuinuka haraka, na gizani hakioni kitu ambacho mchana anakikwepa bila shida.

Rudi usiku mmoja, mwombe ruhusa, zima taa, vaa kandambili uitembee njia hiyo mwenyewe kuanzia kitandani. Kila utakapopapasa, kujikwaa au kusita, hapo pana kazi.

Kitanda

Mketishe mzee ukingoni mwa kitanda. Nyayo zote mbili ziguse sakafu barabara, na magoti yawe usawa wa nyonga au chini kidogo. Kwa watu wazima wengi hiyo ni kama sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni. Pima akiwa ameketi, kwa sababu godoro la sponji hudidimia na kipimo ulichochukua likiwa tupu hakitakusaidia. Kitanda kikiwa chini mno, mzee hujirusha mbele ili ainuke na huangukia uso. Kikiwa juu mno, miguu inaning'inia na anateleza ukingoni kabla hajakanyaga.

Kuinua kitanda, tumia vipande vinne vya mbao ngumu vilivyochimbwa shimo la kina cha sentimita 3 hivi, mguu wa kitanda uzame ndani. Matofali hayafai: hupasuka, na mguu huteleza juu yake siku mzee akijivuta upande mmoja. Kitanda cha mbao kilicho juu mno mpe fundi akate miguu yote minne sawasawa.

Upande mmoja wa kitanda uwe ukutani, mwingine uwe wa kutokea. Kwa aliyepooza upande mmoja, panga kitanda ili atokee kwa upande wake wenye nguvu. Usigeuze kitanda bila kumuuliza: wapo wanaotaka kulala wakielekea kibla, wapo wanaotaka kuuona mlango. Ikiwa chumba ni cha wawili, acha walau mita moja kati ya vitanda, na zaidi kama mmoja anatumia kiti cha magurudumu.

Sasa chandarua. Kinamkinga mzee na malaria, na hapo hapo ni mtego mkubwa wa miguu. Pindo linaloburuzika sakafuni humnasa kifundoni anaposhuka. Kichomeke chini ya godoro pande zote, na upande wa kutokea ukichomeke kidogo tu, sehemu moja anayoijua kwa kupapasa. Funga hapo kitambaa cheupe kama alama. Ukikifua, tumia maji baridi na sabuni ya kawaida, bila dawa ya madoa, na ukianike kivulini. Jua kali na klorini huharibu dawa iliyomo kwenye nyuzi.

Mwanga, sakafu na viatu

Taa ndogo ya sola au tochi iliyofungwa kamba kwenye kichwa cha kitanda inatosha, mradi mkono wa mzee unaifikia akiwa bado amelala. Kibatari na mshumaa visikae chumbani kabisa, maana chandarua na sponji hushika moto kwa haraka kuliko mzee anavyoweza kuinuka. Jiko la mkaa nalo lisiingizwe ndani hata usiku wa baridi ya Njombe: gesi yake ya sumu haina harufu, na aliyelala hawezi kuitambua. Baridi ipunguzwe kwa blanketi la pili, soksi zenye mpira chini na kuziba upepo unaopita chini ya mlango, huku dirisha likiachwa wazi kidogo.

Sakafu ya saruji iliyosuguliwa, ikilowa, huteleza kama sabuni. Mazulia madogo na mikeka iliyokunjamana pembeni yaondoke njiani, kwa idhini ya mwenyewe. Msala ukunjwe baada ya swala na uwe na mahali pake pa kuning'inizwa. Mzee anayetia udhu chumbani mwekee beseni pana, kiti imara na tambara la kukausha matone, kwa sababu maji ya udhu wa alfajiri hukanyagwa kukiwa bado giza. Waya wa ekstensheni upite ukutani na usikatize mlango.

Kandambili hazishiki kisigino; mguu dhaifu huziburuza mpaka zikapinduka. Mtafutie sandali zenye mkanda wa nyuma na soli ya mpira. Ziweke upande wa kutokea, ncha zikitazama nje, mahali pale pale kila usiku. Mkongojo nao utundikwe mkono unapofika. Kagua kipira cha chini kila mwezi: kikishakuwa laini bila mistari, kibadilishe.

Chooni, kishikio kikae upande wa mkono wenye nguvu, kimo cha sentimita 70 hadi 80, bomba lenye unene wa sentimita 3 hadi 4 ili vidole vilizunguke. Kifungwe kwa boliti zilizoshika ukuta wenyewe. Skrubu fupi kwenye plasta hung'oka siku ya kwanza mzee akitupa uzito wake wote, na kishikio kinachong'oka kinamuumiza kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu alikuwa amekiamini. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu na miguu iliyovishwa mpira. Kama choo kiko nje, usiku kiti hicho kikae karibu na kitanda na ndoo yenye maji kidogo chini yake, ya kumwagwa alfajiri na mapema ili mzee asione haya mbele ya wageni wa asubuhi.

Usafi

Fagia kwa fagio lililoloweshwa kidogo, au piga deki moja kwa moja. Kufagia kukavu hurusha vumbi linaloingia kwenye vifua vya watu ambao tayari wanakohoa. Fungua madirisha kwanza. Anza juu ushuke chini, na anza palipo safi uende palipo pachafu: swichi, kitasa, meza, ukingo wa kitanda, kisha sakafu, mwisho choo. Tambara la choo liwe na rangi yake na ndoo yake, lisigeuzwe kuwa la mezani hata siku moja. Deki nusu ya chumba, ikauke, ndipo umalize nusu nyingine. Hivyo mzee daima ana sehemu kavu ya kukanyaga.

Kwenye klorini wahudumu hukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumimina kwa macho. Soma chupa: Jik ya kawaida huwa na klorini karibu asilimia 3.5, na vipimo hivi ni vya nguvu hiyo. Kwa vitu vinavyoshikwa na sakafu, changanya kipimo 1 na maji vipimo 34. Kwa ndoo ya lita 10 ni karibu mililita 290, yaani kikombe kikubwa cha chai. Kwa damu, matapishi au kinyesi, kipimo 1 kwa maji vipimo 6. Tumia maji baridi, uache dawa dakika 10, kisha ufute kwa maji safi, hasa kwenye chuma kinachoshika kutu. Mchanganyiko wa jana umekwisha nguvu. Changanya mpya kila siku.

Kosa la pili ni kuimwaga juu ya uchafu. Uchafu huila klorini kabla haijaua wadudu, kwa hiyo zoa, osha kwa sabuni, suuza, ndipo uweke dawa. Mkojo una sababu ya ziada: uliochacha una amonia, na klorini ikikutana nayo hutoa mvuke unaochoma macho na mapafu. Vivyo hivyo usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali wala siki. Na tafadhali, usihifadhi klorini, mafuta ya taa wala dawa ya wadudu kwenye chupa ya maji au ya soda. Mzee asiyeona vizuri, au aliyeanza kusahau, ataona chupa ya kinywaji na atakunywa.

Harufu ya mkojo haiondolewi kwa udi. Udi ni mzuri kwa anayeupenda, lakini moshi mwingi humkaba mwenye pumu, na chanzo kinabaki ndani ya godoro. Godoro likilowa, kandamiza kwa vitambaa vikavu mpaka visitoke na unyevu, pangusa kwa maji ya sabuni, kandamiza tena, lianikwe juani pande zote mbili hadi likauke ndani. Sponji iliyolowa miezi mingi hairudi tena, omba nyingine. Mpya ivishwe makintoshi, yaani shuka la mpira lisilopitisha maji, kabla haijalaliwa, na juu ya makintoshi shuka la pamba lililovutwa vizuri, kwa sababu mpira ukigusa ngozi huitoa jasho na mkunjo wa shuka huikwaruza. Shuka libadilishwe walau mara moja kwa wiki, na mara tu linapolowa, hata kama ni saa nane za usiku.

Godoro lipimwe pia unene. Mzee akiwa amelala, pitisha kiganja kati ya godoro na chaga, chini ya makalio. Ukiuhisi mfupa wake, sponji imekufa na vidonda vya mgandamizo viko njiani. Asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, visigino vining'inie kwa mto chini ya mashavu ya miguu. Penye wekundu au weusi usiopotea ukibonyeza, usipasugue wala usiweke mpira wa duara wa kukalia. Pumzisha sehemu hiyo na umwite muuguzi siku hiyo hiyo.

Kunguni wasihesabiwe kuwa aibu ya mzee. Watafute kwenye mishono ya godoro, viungo vya chaga na ncha wazi za vitanda vya bomba. Madoa meusi kama nukta za kalamu ni kinyesi chao. Toa kila kitu, fua mashuka kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, piga pasi mishono, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda kikiwa nje. Kuanika juani peke yake hakutoshi, kwani wanahamia upande wa kivuli. Mafuta ya taa ni moto unaosubiri kiberiti. Dawa ikipulizwa, mzee asirudi mpaka chumba kipate hewa na kikauke, na urudie baada ya siku 10 hadi 14, maana mayai huwa yameanguliwa.

Mzee mwenye ganzi

Baadhi ya makazi yetu yalianza kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma, na wapo wazee waliopona zamani lakini ganzi ya mikono na miguu ikabaki. Baadhi ya wenye kisukari nao huwa nayo. Mzee huyu hutetemeka kwa baridi, ila chupa ya maji ya moto kitandani humuunguza bila yeye kujua. Vikombe vyake viwe vya mpini mpana, visiwe vya bati tupu. Maji ya kuoga yaanze na baridi, kisha ya moto, na mhudumu ayajaribu kwa kiwiko chake.

Na panya. Panya hung'ata vidole vyenye ganzi usiku, na kidonda hugunduliwa asubuhi kwa damu kwenye shuka. Chakula chote kiwe kwenye kopo lenye kifuniko, makombo yafagiliwe jioni, tundu za ukutani zizibwe kwa saruji na waya. Kagua nyayo zake kila jioni, katikati ya vidole pia.

Vitu vyake

Sanduku lake la bati ndilo nyumba aliyobaki nayo. Funguo zikae kwake. Usitupe gazeti, kitambaa wala kopo bila kumuuliza, na usihamishe redio, miwani au rozari ili tu chumba kionekane nadhifu. Mzee anayesahau hutegemea mahali pa vitu kuliko kumbukumbu. Ukisogeza kiti kwa nusu mita, umempotezea njia ya choo. Mlango wa choo ubandikwe picha kubwa. Dawa zisilale chini ya mto, zifungiwe na zitolewe kwa saa zake.

Duru ya jioni

Kabla ya taa kuzimwa, pita hivi: maji ya kunywa mkono unapofika, tochi inawaka, kengele au firimbi iko shingoni au kichwani pa kitanda, viatu vimepangwa, mkongojo upo, breki za kiti cha magurudumu zimefungwa, ndoo ya usiku imewekwa, sakafu imekauka. Mkumbushe akiamka aketi kwanza ukingoni, ahesabu hadi 30 ndipo asimame. Chomeka chandarua ukimalizia na upande wa kitambaa cheupe. Kisha mwambie apulize firimbi mara moja, usikie kama inafika ulipo wewe.