Jinsi ya kuichambua 987654321 kwa kalamu na karatasi

Kikokotoo kiweke kando. Namba hii naipenda kwa sababu inakubali kufunguliwa kwa mkono, yaani kuvunjwa kuwa namba tasa zinazozidishana, na kila hatua inakuonyesha kitu.

Anza na tarakimu. Jumla yake ni 45, nayo inagawanyika kwa 9, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 9. (Hata ukizipanga upya tarakimu hizo tisa utakavyo, jumla ni ileile, basi 9 haikwepeki.) Ukigawanya unapata 109739369. Jumla ya tarakimu zake ni 47, kwa hiyo 3 imekwisha. 2 na 5 hazimo. Tarakimu ya mwisho inatosha kukuambia.

7, 11 na 13 zipime kwa mkupuo mmoja, maana zikizidishwa pamoja zinatoa 1001. Kata namba tarakimu tatu tatu, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana: 369 − 739 + 109 = −261. Kati ya zile tatu hakuna inayogawanya 261. Zimeondoka zote.

Sasa 17, na hapa ndipo pananoga. Kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, itoe kwenye kilichobaki, rudia:

10973936 − 45 = 10973891
1097389 − 5 = 1097384
109738 − 20 = 109718
10971 − 40 = 10931
1093 − 5 = 1088
108 − 40 = 68

68 ni 17 mara 4. Imeingia! Gawanya, unabaki na 6455257.

Usikimbilie 19. Mimi mara ya kwanza nilikimbilia, nikamaliza jioni nzima nikigawa bure, kumbe 17 ilikuwa bado imo. Ijaribu tena: unafika 34. Kwa hiyo 6455257 ni 17 × 379721. Mara ya tatu unaishia 32, imekataa.

Utajaribu mpaka wapi? Mpaka kipeuo cha pili cha kilichobaki. Cha namba ya mwanzo kilikuwa 31426 na ushei. Cha 379721 ni 616 na ushei tu. Hiyo ndiyo faida ya kugawanya kila unapopata kigawo. Zimebaki namba tasa 105, kuanzia 19 hadi 613. Zipitie moja moja, ukiweka alama. Hakuna inayoingia, kwa hiyo 379721 ni tasa.

Jibu basi ni 3² × 17² × 379721, yaani 51² × 379721. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe: 3 × 3 × 2, vigawo 18.

Sasa igeuze: 123456789. Izidishe kwa 8, ongeza 9, unarudi kwenye 987654321 yenyewe. Kwa hiyo chochote kinachozigawanya zote mbili lazima kigawanye 9. Bila kugawanya hata mara moja, umeshajua kwamba 17 haimo kwenye 123456789.