Kuzuia Mtambo wa Upepo Usilishe Laini Iliyokatwa

Mwenye mtambo wa upepo uliounganishwa na gridi, awe Njoro, Mau Narok au kando ya ziwa huko Kisumu, akumbuke kwamba laini ikikatwa huko juu, mtambo wake unaweza kuendelea kuwalisha majirani, na kipande hicho cha mtandao kikabaki kisiwa chenye umeme ambao fundi aliyepanda nguzo hautarajii.

Kinga ya kwanza ni relei za volteji na frikwensi, yaani vifaa vinavyopima umeme na kukata vikiona kasoro, zipangwe kwa masharti ya shirika la umeme, Kenya Power. Gridi ikiondoka, uzalishaji na mzigo, yaani umeme unaotumiwa, huachana, frikwensi hutoka kwenye hezi 50, nayo relei hufungua swichi kuu na kukata umeme. Kasoro yake ni kwamba mzigo wa majirani ukikaribiana na kinachozalishwa, relei haioni badiliko lolote. Kwa hiyo chagua inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa mtambo uendane na wa gridi, inayoisukuma frikwensi kidogo kwa makusudi: gridi ikiwapo, msukumo huo haufui dafu, ikikosekana, frikwensi huyumba mpaka mtambo uzimike. Kiwango cha IEEE 1547, cha chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, kinataka mtambo uache kulisha kisiwa ndani ya sekunde 2.

Magharibi mwa Kenya, ambako radi ni nyingi, sekunde hizo zinaweza kuwa nyingi mno. Swichi za laini zinazojirudisha zenyewe baada ya hitilafu huweza kurudi mapema zaidi, na zikikuta kisiwa kingali hai, mawimbi yake yakiwa hayaendi sambamba na ya gridi, mshtuko unaweza kuvunja giaboksi. Uliza swichi hizo husubiri muda gani kabla ya kurudi, na uulize kabla ya kununua chochote. Ukiwa mfupi, omba urefushwe, au swichi izuiwe kurudi laini ikiwa ina umeme.

Wapo wanaosema jenereta ya induksheni haiwezi kuzalisha bila gridi. Si kweli: kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizo karibu zinaweza kuiamsha na kupandisha volteji kwa hatari, kwa hiyo zikatwe pamoja nayo.

Turubini iliyopoteza mzigo ghafla huongeza kasi. Breki au mzigo wa akiba, kifaa kinachomeza umeme uliokosa pa kwenda, ufanye kazi papo hapo bila kungoja umeme wa gridi.

Katika majaribio, mbele ya mhandisi wa shirika la umeme, linganisheni mzigo na uzalishaji kadiri iwezekanavyo, kisha fungueni swichi na mpime muda. Gridi ikirudi, mtambo usubiri dakika 5 za utulivu. Swichi ya kutenganisha iwe nje, ionekane, na mafundi wa laini waweze kuifunga kwa kufuli lao wenyewe.