Dawa za kifafa kwa watoto: madhara ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Mtoto akianzishiwa kabamazepini, fenitoini au lamotrijini, mkague ngozi kila siku kwa wiki 8 za kwanza. Wakati wa kumwogesha ni mzuri: angalia mgongo, kifua, ndani ya mdomo, macho na sehemu za siri. Upele ukija na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na dawa zake zote. Mara nyingi hudhaniwa ni surua, na dozi inaendelea hadi ngozi inaanza kubanduka.

Fenobabitoni humlaza mtoto siku za mwanzo, kisha mwili huzoea. Wengine huwa kinyume: hatulii, anapiga wenzake, usiku halali. Kumchapa hakusaidii; mweleze daktari, maana dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa.

Valproeti huongeza uzito, hupunguza nywele na hutetemesha mikono. Hayo yasubiri siku ya kliniki. Yasiyosubiri ni kutapika mfululizo, maumivu makali ya tumbo, kuzubaa kusiko kwa kawaida au macho ya njano. Ini au kongosho huenda limeathirika, na walio chini ya miaka 2 wako hatarini zaidi kwa upande wa ini. Kwa binti anayekaribia kuvunja ungo, uliza mapema kuhusu dawa nyingine, kwa kuwa hii hudhuru mimba.

Fenitoini ya maji ina mtego wake: dawa hutuama chini ya chupa. Usipotikisa, dozi za mwanzo huwa hafifu na degedege hurudi. Za mwisho huwa kali, mtoto anayumba na macho yanachezacheza. Tikisa vizuri kila mara, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha jikoni. Dawa hii huvimbisha fizi pia, kwa hiyo mswaki asubuhi na usiku.

Dukani, taja dawa ya kifafa kabla ya kupewa nyingine yoyote. Erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, hupandisha kiwango cha kabamazepini mwilini: mtoto anaona vitu viwiliviwili, anapepesuka, anatapika.

Usikatishe dawa ghafla kwa sababu ya madhara madogo. Degedege linaweza kuja mfululizo, na likipita dakika 5 ni dharura. Ili dawa zisikatike, kachukue nyingine zikiwa zimebaki za siku 7.